Saumu Isiyokuwa na Maghribi

Naikumbuka alasiri moja ya miaka ya themanini, nyumbani kwetu Mishomoroni, nilipomdanganya mtu mzima na dini nikaisingizia. Nitakusimulia, mwanangu, lakini kwanza nikwambie kilichonikumbusha, maana mimi si mtu wa kuropoka tu.

Juzi binti wa jirani yangu hapa Junda alinionyesha simu yake. Humo mna kundi la wasichana wasiojuana hata sura, kazi yao kuhimizana wasile. Mmoja akisema ameshinda na njaa, wenziwe wanamrushia maua na mioyo. Akisema leo nimekula na najichukia, hakuna wa kumwambia pole, umefanya vyema. Wanamwambia kesho ajitahidi! Mama yake alitaka kuibamiza simu ukutani. Binti analia, asema, "Bibi, hawa ndio wanaonielewa." Nikamwambia mama yake, hebu ngoja kwanza. Kundi hilo mimi nalijua. Nilikuwa ndani yake kabla simu hizo hazijabuniwa.

Usinicheke. Letu lilikuwa la wasichana wanne, na lilikaa chumbani kwa Nuru, tukitoka chuoni kusoma Kurani. Nuru alitupita umri kidogo, mcheshi, mjuzi wa kila jambo. Mwaka ule baba yangu alikuwa amemwacha mama, akahamia Changamwe kwa mke mwengine, na nyumbani hakuna aliyenieleza hata neno. Nikiingia, watu wazima wananyamaza. Kwa Nuru nikiingia, wasichana wananyanyuka kunipokea. Huo ndio mlango nilioingilia, mwanangu. Picha za warembo wa magazetini tulizitazama, naam, lakini mimi nilifuata kupokelewa.

Tulianza kwa mzaha, nani ataweza kuacha chakula. Mzaha ukageuka sheria, na sheria kubwa ilikuwa hii: mkubwa yeyote asijue. Tukaapishana. Nilivyozidi kukonda ndivyo walivyozidi kunisifu, na sifa zenyewe, wallahi, nilikuwa nazililia. Huku nyuma nasikia baridi na jua limewaka. Nikisimama kuswali nashika ukuta. Mama alidhani naringa. "Wajitia mzungu wewe! Chakula hiki wenzio wanakililia!" Masikini mama, alikuwa na huzuni zake. Lakini kila akinisimanga, mimi mbio kwa Nuru.

Walioniuliza mbona sili, nilikuwa na jibu lisilopingika: nalipa. Wajua mwanamke hupitwa na siku katika Ramadhani kwa udhuru wake, kisha huzifunga baadaye. Nani mwenye heshima zake atamhoji binti anayelipa saumu? Hata wazee walinisifu kwa kushika dini. Nami naitikia, naona haya kidogo, kisha naendelea.

Sasa, zamani msichana akivunja ungo alipewa somo, mwanamke asiyekuwa mamake, wa kumfunza mambo ya kike na kumsikiliza yale ambayo kumwambia mama ni aibu. Wangu alikuwa Bi Rukia, muuza mahamri, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Alasiri hiyo alipiga hodi akaingia kabla hajakaribishwa, ndivyo alivyokuwa, akanikuta nimejilaza mkekani.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Mbona walala saa hizi?"

"Nimefunga. Nalipa."

Akakaa chini, akavua buibui lake taratibu. "Walipa siku zipi?"

"Za Ramadhani, somo."

"Zuhura, siku zako nilikufunza mimi kuzihesabu. Tulizilipa pamoja Mfunguo Mosi, mara tu baada ya Idi, na ya mwisho tukafuturu kwangu. Hizi sasa ni za nani?"

Ala! Nilingoja anifokee mpaka majirani wasikie, lakini hakufoka. Aliswali pale pale kwetu, akakaa, hana haraka, mpaka maghribi ikaadhiniwa. Akaniletea tende na bilauri ya maji. Nikaitazama ile tende, na mkono haukunyanyuka.

"Saumu ina maghribi yake, mwanangu," akasema, tena kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo. "Yako wewe itaadhiniwa lini?"

Nililia. Nikamwambia yote, ya baba, ya Nuru, ya kiapo. Nikamwambia nakiogopa chakula, na hapo nilijua atacheka, maana nani amesikia mtu kuogopa wali? Hakucheka. Akasema, "Basi utakula na hofu yako hapo hapo, na mimi nitakaa kati yenu." Mama akatoka jikoni, akasema, "Mwache huyo, anaringa." Bi Rukia akamgeukia. "Haringi, anaumwa. Na ukimsimanga tena mbele yangu, tutakosana."

Kesho yake wakanipeleka hospitali. Daktari akasema moyo wangu ulikuwa umeanza kuchoka, na kwamba tumewahi. Nilidhani mimi ni hodari, kumbe nilikuwa mgonjwa na wenzangu wakinipigia makofi.

Kupona hakukuwa kwepesi, nisikudanganye. Siku nyingine nilikula, siku nyingine nililia mbele ya sahani na tukaanza upya. Daktari alikuwa akiniita mara kwa mara, na Bi Rukia alikuja kila adhuhuri kula nami. Hakuniambia nimenenepa wala nimekonda, wala hakunichungulia mdomoni. Alinipa habari za mtaani, nani kagombana na nani, mpaka nacheka na kula nimekula. Mama naye siku moja akanikalisha, akanieleza ya baba. Tukalia sote wawili. Toka siku hiyo nyumba ile ilikuwa na mahali pa kusemea.

Nilipopata nguvu, somo akaniuliza, "Na wale wenzio?" Nikamwambia tumeapa kufichana. Akasema, "Kiapo cha kufichana mpaka mfe, Mungu hakipokei." Nikataja majina. Akaenda kwa mama zao mmoja mmoja, kwa upole. Wawili waliachana na mambo hayo mapema. Nuru alikuja akasimama mlangoni petu, mwembamba, macho mekundu, akaniambia, "Nilikupenda, Zuhura, na wewe umeniuza." Akapelekwa Likoni kwa jamaa zake, akatibiwa huko. Salamu zangu zote hakuzijibu. Hilo liliniuma kuliko njaa, na kwa miaka nilijiuliza kama nilifanya haki.

Ikaja miaka ya tisini, siku niliyotoka arobaini ya uzazi wa mwanangu wa kwanza. Nyumba imejaa wanawake, masinia yameshashuka, akatokea mtu mlangoni. Nuru! Sitakwambia alikuwa mnene au mwembamba, hilo nimeacha kulitazama kwa watu. Alikuwa anacheka. Akajipenyeza kando yangu, akanawa, akala. Alikula kama mtu aliye kwao. Kisha akaniinamia sikioni. "Nilikuchukia sana wewe. Lakini ungenyamaza, leo ningekuwa kaburini. Nimekuja kusema ahsante. Na hebu nisogezee hiyo achari."

Nilicheka na machozi yananitoka, wageni wakadhani ni ya mtoto.

Basi mwanangu, wewe uliye katika kundi kama lile, sikudharau. Walikusikiliza wakati sisi wa nyumbani tumenyamaza, na lawama hiyo ni yetu. Lakini watazame vizuri wanakupigia makofi kwa lipi. Wanakusifu kwa kupungua, na ukianguka hakuna hata mmoja wao atakayekushika mkono, nao pia wanaumwa. Tafuta mtu mzima mmoja, shangazi, mwalimu, muuguzi, yeyote anayejua kusikiliza, umwambie hata kama sauti inatetemeka. Wa kwanza asipokuelewa, mwambie wa pili. Nenda hospitali, kwani haya ni maradhi na yanatibika. Mimi na Nuru tumezeeka, waona. Nanyi mama zao, simu msiibamize. Kaeni chini na mtoto, mle naye, na mwili wake mwacheni bila maneno.

Yule binti wa Junda ameshakwenda kwa daktari, na jana ametoka kwenye kundi. Ana rafiki mmoja humo anayempenda, akaniuliza, "Bibi, nikimsemea kwa mamake, si atanichukia?" Nikamwambia, huenda. Mwache akuchukie, bora awe hai wa kukuchukia.

Mola akulinde, mwanangu, akuondolee hofu iliyo baina yako na riziki yako, akuzungushie watu wanaokutaka uishi, na akupe umri wa kuja kuwasimulia wengine namna ulivyopona. Amin.