Remigius na Taarifa Zilizozimwa

Hapa hospitalini wakimtaja Remigius husema, "Yule wa kompyuta aliyeua mtoto." Nikisikia hivyo hupandwa na hasira, kisha aibu, maana aliyemsihi azime zile taarifa ni mimi, Sista Eunike, muuguzi wa wodi ya watoto, na hadi leo hakuna anayejua ila yeye.

Remigius alikuwa mtoto wa wakulima wa kahawa kule Mkuu, Rombo. Kompyuta alijifunzia Moshi mjini, kwa kufungua mbovu za watu. Mwaka 2003 hospitali yetu ndogo ya misheni huku mlimani ilimwajiri aunganishe kwa nyaya kompyuta tano za wodini, maabara na mapokezi, pamoja na moja ya chumbani kwake. Alikuwa mpole, mcheshi, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni. Akiingia wodini alisalimia hata watoto waliolala.

Programu ya kadi za wagonjwa iliyowekwa humo ilijichunguza yenyewe. Ikigundua kosa lake kwenye kompyuta yoyote, iliandika taarifa na kuituma kwa Remigius, kisha Dar kwa walioitengeneza, kupitia laini ya simu. Taabu yake, ikituma, kioo kiliganda. Mara thelathini kwa siku nilisimama na sindano mkononi nikisoma "Kosa limegunduliwa, tafadhali subiri," na mtoto analia.

Na kila siku taarifa ilikuwa ileile: kadi mbili zenye jina moja zimegongana. Remigius alicheka sana.

"Hawa wa Dar hawatujui Wachagga. Mzee ana wana sita, na kila mmoja mtoto wake wa kwanza wa kiume anampa jina la babu. Zisigongane vipi?"

"Basi zizime," nikamwambia.

"Sista, huyu ni mlinzi wetu."

"Mlinzi gani anayepiga kelele kila jani likianguka? Zima, nakuomba. Nina watoto arobaini humu."

Alijikuna kichwa siku mbili. Siku ya tatu akaziba taarifa zote za majina, zisionekane wala zisitumwe. Nilimpelekea bakuli la kiburu, ndizi zetu za kupondwa na maharage, kumshukuru.

Agosti ya mwaka uliofuata tulilaza watoto wa ndugu wawili kutoka Old Moshi, wote malaria, wote Aminieli Mmari kama babu yao. Mmoja alikuwa amebakiwa na damu kidogo mno. Maabara waliandika sawasawa, lakini kadi zikagongana, na majibu ya yule mwenye nafuu yakafunika ya mwenzake. Kioo kikaniambia damu inatosha. Miaka kumi na tisa nilikuwa nikifunua kope za watoto kuangalia weupe wa kupungukiwa damu. Siku ile nilisoma kioo nikapita. Tulipokuja kushtuka na kumwekea damu, tulikuwa tumechelewa. Alifariki saa saba mchana, wakati mama yake, Violet, akimfulia nguo nje.

Kikaoni mganga mkuu aliuliza, "Nani alikuagiza uzime?"

Remigius hakunitazama. "Hakuna, daktari. Ni mimi."

Nilikuwa nimekaa benchi la pili. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na kazi yangu niliipenda. Hiyo ndiyo sababu yenyewe. Nimetafuta nyingine iliyo nzuri zaidi, nimekosa.

Alifukuzwa. Kabla ya kurudi Rombo alisema hawezi kuondoka bila kupeleka isale, lile jani ambalo kwetu mkosaji hulishika akienda kuomba radhi, na anayepelekewa halikatai. Akaniomba nimsindikize, kwa kuwa familia ilinifahamu.

Mzee Aminieli alitupokea uani. Remigius akapiga magoti.

"Shikamoo baba. Nimekosa. Mashine ilikuwa inasema, nikaiziba mdomo."

Mzee akalipokea lile jani kwa mikono miwili. "Marahaba, mwanangu. Inuka." Wakalia wote wawili, na nikaona mabega ya Remigius yakishuka kama ya mtu aliyetua mzigo. Nilimwonea wivu.

Ndipo Violet akanijia. Nilijua kama ni kusema, ni sasa. Akanishika mikono.

"Sista, wewe ulimhangaikia mwanangu mpaka mwisho. Mungu akubariki."

"Amina," nikajibu.