Mama Mkwe kwenye Mstari wa Pili

Siku hizo hatukupiga kura kwa karatasi. Wagombea walisimamishwa uwanjani wakiangalia seng'enge, na sisi tukajipanga nyuma ya yule tuliyemtaka. Mgombea alikatazwa kugeuka. Dio, mzungu kijana aliyesimamia mambo ya huku kwetu Ruiru, alisema mtu akigeuka atawatia watu haya na wataanza kukimbizana kwenda kwa jirani zao. Basi ulichaguliwa au ulikataliwa mgongoni mwako mwenyewe, huku unasikiliza miguu tu. Mume wangu alichaguliwa hivyo mara ya kwanza, na jioni akaniambia kwamba shingo ilimuuma kuliko miguu. Nikamwambia akae tayari, maana kupanda mchongoma kushuka ndio ngoma.

Alikuwa seremala. Madirisha mengi ya nyumba za mashamba ya kahawa hapa katikati ya Ruiru na Thika yalitoka mkononi mwake. Alipokuwa diwani, baraza la wilaya kule Thika likagawana kamati. Wengine wakakimbilia ya barabara, wengine ya soko, na yeye akachukua ile iliyobaki mezani, kamati ya askari kanga. Hao walikuwa askari wa chifu, wanaovikwa na kulishwa kwa kodi yetu. Walilinda mageti ya vijiji tulivyofungiwa wakati wa Hali ya Hatari, walikagua vitabu vya ruhusa, na walikuwa na seli za kuweka watu kabla hawajapelekwa kortini. Hakuna mtu mwenye akili aliyetaka kazi hiyo. Nilimwambia kamati ya soko ingetuletea angalau kabichi. Alicheka, na mimi sikuwa nafanya mzaha.

Kila Jumatano alipanda baiskeli akaenda kituo kwa kituo. Akifika alitaka seli ifunguliwe, akaingia, akaketi sakafuni pamoja na waliofungwa, akamuuliza kila mmoja amekuja kwa kosa gani na amekula nini. Alikuwa na sheria yake moja ambayo hakuivunja: hakuuliza habari za mtu yeyote kwa jina. "Nikimtaja mmoja," aliniambia, "wataniuzia huyo mmoja, na wale wengine nimewapoteza." Sheria nzuri, lakini mimi ndiye niliyekuwa nyumbani asubuhi watu walipokuja na majina. Mama wa nani yuko ndani, mume wa nani hajarudi. Walikunywa chai yangu, wakaambiwa seli yote itakaguliwa Jumatano, wakaondoka wamenuna.

Na bado kazi ilikwenda. Blanketi zilipatikana. Mwanamke mmoja aliyefungwa na mtoto mchanga alirudishwa kwake. Askari wawili wepesi wa kupiga watu walihamishwa. Aliyebaki ni sajini wa kituo chetu, mwanamume mkubwa, mpole wa maneno, mzaliwa wa hapa hapa. Kila tukikutana njiani alivua kofia akaniuliza habari za watoto. Nilimwogopa zaidi kwa upole huo kuliko kama angenitukana.

Ndipo wakamshika shemeji yangu. Alikuwa mdogo wa mume wangu, kijana wa kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Thika, na alikuja kumwona mama yake bila mhuri wa ruhusa kwenye kitabu chake. Walimchukua sokoni Ruiru mchana kweupe, akinunua sukari ya kumpelekea mama. Ilikuwa Alhamisi. Kabla jua halijageuka mama mkwe alikuwa mlangoni kwetu, na leso yake nyeupe ya akina mama wa kanisa imefungwa upande.

"Kijana yangu, enda uongee neno moja tu," alimwambia mume wangu. "Mimi sijui mambo ya kamati. Neno moja."

"Maitu, mama yangu, nitaenda Jumatano. Nitawaona wote."

"Na leo si ni Alhamisi?"

"Ni Alhamisi."

"Basi hiyo Jumatano yako iko mbali sana. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

Alipoondoka nilimgeukia mume wangu kwa hasira ambayo hata sasa naikumbuka kwenye kifua. Nilimuuliza kama yeye ni diwani wa watu wengine tu, na si wa watu wa kwao. Aliendelea kupiga randa ubao wake. "Nikimtoa ndugu yangu kwa mlango wa nyuma leo," alisema, "Jumatano nikiingia pale sajini ataniambia nini? Ataniambia, karibu, unataka nani leo?"

Jumatano alimkuta ndugu yake sikio limevimba, na wanaume wengine ndani mle wamepigwa vibaya kuliko yeye. Hakuwa na mamlaka ya kuwatoa, akapeleka mashtaka Thika kwa ajili ya seli nzima, ndugu yake akiwa mmoja wao tu. Kamati ikakubaliana kwamba sajini aondolewe, na kwamba jambo hilo litamalizwa uchaguzi wa udiwani ukishapita, kwa sababu ulikuwa umekaribia sana. Hapo sajini akajua dawa yake ni nini. Mume wangu akishindwa, mashtaka hayana mtu wa kuyasukuma. Na mpinzani wa mume wangu, mwenye duka karibu na stesheni ya Ruiru, alikuwa rafiki yake wa kula sahani moja.

Siku mbili kabla ya uchaguzi nilikuwa kwa mama mkwe tukipukuchua mahindi. Sajini akaingia, akavua kofia, akaketi kwenye kigoda bila kuambiwa.

"Mama, sikuja na ubaya," alisema. "Ile siku ya mstari, wewe simama kwa mwenye duka. Wewe peke yako, siitishi mtu mwingine. Jumapili kijana atakula hapa kwako. Ukikataa, Jumatatu kuna lori inaenda kambi za mbali, na huko sina mkono."

Mama mkwe aliendelea kupukuchua. "Mimi peke yangu?"

"Peke yako."

Alipotoka tuliangaliana. Mtu mmoja kati ya kijiji kizima, tulifikiri. Kichwa kimoja cha mwanamke mzee. Mume wangu angeweza kushinda bila hicho, na kijana angerudi. Mimi mwenyewe niliona ni bei ndogo, na nikamwambia mama mkwe hivyo.

Jioni ile nilimweleza mume wangu yote huku nikimpigia shati pasi ya mkaa.

"Asimame anapotaka," alisema.

"Ongea naye basi. Ni mama yako."

"Ndiyo sababu siongei naye. Nikimzuia, na lori ichukue yule kijana, nitakaa naye vipi?"

Nilitaka kumrushia pasi. Nilimpenda pia, wakati ule ule, na mambo hayo mawili yalinichosha.

Siku yenyewe uwanja ulijaa mapema. Mume wangu na mwenye duka wakasimamishwa kutazama seng'enge, Dio akapiga filimbi, na watu wakajipanga. Mstari wetu ulikuwa mrefu, ukapinda mpaka kwenye miti ya mwisho ya uwanja. Mimi nilikuwa karibu na mbele. Mstari wa mwenye duka ulikuwa na jamaa zake, askari wasio kazini na wadeni wa duka. Sajini alisimama pembeni, mikono nyuma. Nilianza kupumua.

Kisha mama mkwe akaja. Alipita kando yetu bila kunitazama, akavuka nafasi iliyoachwa katikati, akasimama mkiani mwa mstari wa mwenye duka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sajini aliomba mtu mmoja tu. Yeye alikuwa mtoto wa kijiji hiki na alijua alichokuwa anaomba. Kwetu mama hamwachi mwanawe hadharani ila kwa neno moja, na neno hilo ni kirumi, laana ya mzazi. Mwenye kirumi hafuatwi. Hulishwi naye, humsaidii, hujengi ukuta mmoja naye, maana kinachomla kitakula na wewe. Mama mkwe na mimi tulikuwa tumehesabu kichwa kimoja, na tulisahau kwamba kichwa hicho ni cha mama.

Akina mama wa kanisa ndio walioona kwanza. "Mama yake amemkataa," mmoja alisema nyuma yangu. "Amemfanya nini?"

"Mama hatupi mtoto bure," mwingine alijibu, akainua kikapu chake, akavuka.

Wakavuka wawili, kisha kundi. Nilishika mkono wa jirani yangu nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba hakuna laana, kwamba ni kwa ajili ya yule aliye seli. Aliniangalia kwa huruma. Mke atasema nini kingine? Alinitoa vidole kwenye mkono wake, kimoja kimoja, akaenda na wenzake.

Mbele yangu niliiona shingo ya mume wangu. Alikuwa anasikia miguu ikiondoka na hajui kwa nini, au labda alijua. Jasho lilimtiririka ndani ya ile kola niliyoipiga pasi. Mkono wake wa kulia ulijifunga na kujifungua. Hakugeuka. Nilimchukia Dio na filimbi yake, nikamchukia sajini, na kwa muda mfupi nikamchukia mama mkwe kiasi cha kuogopa moyo wangu mwenyewe.

Mama mkwe alikuwa bado ameangalia mbele. Aliposikia watu wakijaa nyuma yake aligeuka kwa mshangao, kama mtu aliyesukumwa kanisani. Aliwaona wenzake wa kanisa. Aliuona mstari wetu umebaki vipande. Akaweka mkono mdomoni, na nikajua ameelewa.

Akatoka mstarini. Roho yangu ikaruka, nikadhani anarudi kwetu. Lakini alipita mbele yangu pia, akaenda mpaka kati ya mume wangu na seng'enge, mahali ambapo mgombea angeweza kumwona bila kugeuka. Dio alimuuliza mkalimani yule mwanamke anafanya nini. Mkalimani, Mungu ambariki, alisema anaomba.

Mama mkwe alishika mikono ya mwanawe, akaifungua viganja, akavitemea mate kidogo, kisha akamtemea kifuani. Hivyo ndivyo wazee wetu hubariki mtoto anayekwenda safari. Akasema kwa sauti iliyofika kila mahali, "Huyu sijamlaani. Ni mtoto wangu, amenilisha, na apate. Lakini niko na mwingine ndani." Akajifuta uso kwa leso, akarudi kwenye mstari wa mwenye duka, akasimama pale pale alipokuwa.

Baadhi ya waliovuka wakaanza kurudi kwetu, macho chini. Wengine walibaki, kwa sababu kuvuka mara moja mbele ya sajini ni jambo moja na kuvuka mara ya pili ni jambo jingine. Watu husema niwasamehe, kwamba nyakati zilikuwa mbaya. Sijawasamehe. Filimbi ikalia, mistari ikafungwa, Dio na makarani wake wakahesabu, na mume wangu akashindwa kwa watu wachache sana.

Ndipo akaruhusiwa kugeuka. Alitutazama sisi tuliobaki, mmoja baada ya mwingine, kisha akaenda kumpa mwenye duka mkono. Mwenye duka alikitazama kile kiganja chenye mate ya mama, akasita kidogo kabla ya kukishika. Kwa jambo hilo nilicheka, peke yangu, na machozi yananitoka.

Hivyo kazi ya mume wangu ikaishia hapo. Bila kiti cha udiwani hakuwa na ruhusa ya kuvuka mlango wa kituo, sembuse wa seli. Mwenye duka alipopewa kamati hiyo alisema wazi kwamba yeye hataingia mahali panaponuka, na mashtaka ya sajini hayakusikika tena.

Sajini, lazima niseme, alitimiza ahadi. Jumapili kabla kanisa halijatoka, shemeji aliingia kwa mama yake, amekonda, pamba imejaa sikioni. Tulikuwa wanne mezani. Mama mkwe alikuwa amepika mukimo na kuku, na alikuwa anamgusa kijana bega kila akipita. Mume wangu alimkumbatia ndugu yake kwa muda mrefu. Nilimtazama nikitafuta kinyongo usoni mwake, na sikukiona.

Shemeji hakujua lolote. Habari za uchaguzi hazikuwa zimeingia seli. Alikula kwa haraka, akaeleza habari za mle ndani mdomo ukiwa umejaa, akamtania kaka yake kwamba diwani mzima anamwacha ndugu yake alale na kunguni. Kisha akakumbuka jambo.

"Wale wengine wanakusalimia," alimwambia. "Kuna mzee wa kule Theta anakohoa damu, hawamtoi. Waliniambia nikuombe Jumatano uje mapema."

Mume wangu aliangalia sahani yake.

"Nikawaambia utakuja," shemeji alisema. Alimtazama kaka yake, akamtazama mama yake, akanitazama mimi. "Si utaenda?"

Mama mkwe aliinuka akatoka nje. Nikachukua sahani ya shemeji nikamwongezea mukimo, ingawa ule wa kwanza alikuwa hajaumaliza.