Jalada la Rafu ya Nne

Saa moja na nusu asubuhi, Bi Kidawa anapanda ngazi ya chuma katika chumba cha majalada cha ofisi moja ya serikali hapa Maskati, kitambaa mkononi. Anapangusa rafu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akifika ya nne anapunguza mwendo. Jalada lake liko hapo.

Kwa miaka kumi na moja amelipangusa bila kulifungua, na funguo za chumba anazo yeye. "Nikilifungua mwenyewe nshakuwa mwizi," anasema. "Mimi nnataka kufunguliwa."

Na ana sababu. Desemba hii ya mwaka 2003 anastaafishwa kwa kutimiza miaka sitini, naye anaapa ana hamsini na moja. Bila mshahara wake wa riali mia na ishirini, nyumba yake ya Hamriya haiendi.

Kanuni zinamruhusu mtu kuona jalada lake, au la ndugu yake wa damu akiwa na sababu, mradi aandike barua yenye namba ya jalada. Namba yenyewe imeandikwa juu ya jalada, ambalo hajaruhusiwa kuliona. Nimeuliza nani alitunga utaratibu huo, kila mtu akatazama dari. Bi Kidawa aliiandika namba yake kwa kichwa, tarakimu zote saba, mtunza majalada Aflah akabaki kumkodolea macho.

Mwezi mzima wa kusubiri jibu aliutumia kumsema karani aliyempokea alipotoka Unguja mwaka 1974. Ati alikuwa anasinzia alipoandika umri. Ati hata kuhesabu hajui.

Jumamosi iliyopita Aflah akalifungua jalada mezani, nami nipo. Fomu ya kwanza: kuzaliwa, 1943. Mwandiko ni wa Bi Kidawa mwenyewe, na saini yake chini.

Ndipo akakumbuka. Bweni la wasichana lilitaka mlezi aliyepita thelathini, naye alikuwa na ishirini na mbili. "Nlikuwa na shida ya kazi, mwanangu," akamwambia Aflah, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nami nilicheka, sifichi.

Aflah akamweleza kuwa umri unaweza kusahihishwa, akimleta shahidi aliyemzidi miaka, na shahidi naye aandike umri wake. Aliyebaki hai ni mmoja, dada yake Shariffa wa Matrah, aliyemtangulia kwa miaka mitano. Tatizo ni kwamba mume wa Shariffa anajua mkewe ana arubaini na nane. Kwa hesabu hiyo mkubwa amegeuka mdogo.

Shariffa amekataa katakata. Anasema bora Kidawa apumzike nyumbani, kazi zenyewe zinachosha.

Bi Kidawa hajakasirika. Amempa dada yake mpaka Jumamosi ijayo, na karatasi ya barua ya pili ameshainunua, kwani Shariffa aliwahi kuwa mpiga chapa hapa hapa, kabla hajaolewa na kabla hajaanza kujipunguza.

"Jalada lake liko rafu ya pili," anasema, akikunja kitambaa. "Namba yake pia nnaijua."