Duara Moja Safi mu Kisahani cha Labo

Ninyi vijana munaomeza antibiotique kama karanga, kaeni chini musome.

Siku ya kwanza ya kazi yangu mu labo ya hospitali, hapa Bukavu, Chef wa labo alinipa blouse na gants za kuvaa mikononi, akanionyesha vile visahani vya kifuniko wanamokuza microbes. "Maman, usifungue. Ndani kuko vitu vyenye uhai."

"Na mimi niko na watoto, Chef. Sifungue kitu!"

Kazi yangu ilikuwa kupika visahani mu autoclave, ile sufuria kubwa ya mvuke inayoua kila kitu, kisha kuviosha, na kupangusa labo. Machef wakapita, mimi nikabaki. Wa mwisho, Madame la Biologiste, alikuwa mukali kunipita. Nilimupenda juu ya ile.

Corona ikakuja. Mutoto wangu Déo, tunayekaa naye mu mutaa wa Bagira, akaanza kugawia nyumba nzima azithromycine kila asubuhi, kama padri anagawa hostie ku misa.

"Maman, ni ya kukinga corona."

"Mujinga weye! Corona ni virusi. Ile dawa inauaka bactéries."

"Ah, Maman, unapangusaka labo, sasa uko docteur?"

Mutaa muzima ulimeza.

Kisha muke wa Déo, Nzigire, akazaa kwa césarienne, kupasuliwa tumbo. Kidonda kikatoa usaha. Dawa ya kwanza, bure. Ya pili, homa inapanda tu, mutoto muchanga analia, mama hana nguvu ya kumushika. Munganga akatuma usaha kwetu mu labo.

Madame akakuza ile microbe, akaipanda tena mu kisahani, akaweka juu vikaratasi vidogo vya duara, kila kimoja na dawa yake. Ndiyo antibiogramme: dawa yenye nguvu inasafisha pembeni yake, iliyoshindwa, microbe inamea mpaka kuigusa. Tukangoja.

"Maman, kuya uone!"

Azithro: imeguswa. Ampicilline: imeguswa. Nyingine, imeguswa! Halafu kule pembeni, duara! Pana, safi, kama sakafu niliyotoka kupangusa! Nikapiga vigelegele mule mule mu labo, na Madame, ule mukali, akanikumbatia na gants zake!

Nzigire akapona na ile dawa.

Sasa niko pensionnée, nimeacha kazi, lakini ile duara naionaka bado. Ilikuwa moja tu. Dawa ikimezwa ovyo, microbes zinaizoea; tukiharibu na ile ya mwisho, mujukuu wangu watamutibia na nini?

Siku Nzigire alirudi nyumbani, niliita wote sebuleni:

"Mutoe dawa zote mulizobakisha, mu kabati, mu sakoshi, chini ya godoro. Nazirudisha hospitali. Tangu leo, mwenye kukohoa anaenda kwa munganga, haende kwa muuza dawa. Déo, anza weye!"