Maharagwe Yaliyoombewa Ndani ya Friza

Nilirudi kutoka semina ya siku mbili nikijiona daktari wa mbegu. Tuliambiwa mbegu ikikaa kwenye baridi kali huishi miaka mingi. Basi jioni hiyo hiyo nikachuma maharagwe yangu hapa Kikima, nikayabambua, nikayafunga kwenye chupa na kuyasukuma ndani ya friza, chini ya kuku niliyemhifadhia pasta wa kanisa letu.

Pasta alipokuja, nikamwomba ayaombee. Akaweka mkono juu ya friza, akakemea ukame, wadudu na wivu wa majirani kwa sauti iliyofika sokoni. Kisha tukamla kuku.

Mvua iliponyesha nilipanda shamba zima. Hata haragwe moja halikuota. Pasta akasema imani yangu ni haba. Mama, ambaye mbegu zake hukaa kwenye kibuyu chenye majivu, aliniuliza swali moja tu:

"Kabla ya kuyaweka huko, uliuma hata moja ujue kama limekauka?"

Sikuwa nimeuma. Mbegu yenye maji ikiganda hufa, hata mtoto anajua. Meno tulikuwa nayo, mimi na pasta, lakini tuliyamalizia kwenye kuku.