Fundi Aliyeishiwa Malaika

Kila asubuhi seremala hunoa patasi yake kwenye jiwe linalokwaruza, kisha kwenye jiwe laini, halafu huing'arisha kwenye gurudumu la mota, na mwisho huipitisha juu ya mkanda wa ngozi polepole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Makali huyajaribu kwa kunyoa malaika, zile nywele laini za mkononi. Mikono yake yote miwili sasa ni mitupu kama yai, na mteja mwenye manyoya mikononi hupokewa kwa heshima kubwa. "Bado kidogo," humwambia kila mtu, kwa sauti ya daktari. Mbao zake hazijaguswa.

Leo alikuja shemeji yake, mke wa kaka yake, aliyeagiza kitanda cha mtoto alipokuwa na mimba ya miezi sita. Mtoto mwenyewe aliingia kwa miguu yake, na tumbo la mama lilikuwa limejaa tena.

"Shemeji, kitanda?"

"Yamebaki makali tu. Ila nimeishiwa malaika kabisa." Akamtazama mikono kwa matumaini. "Wewe huna malaika, shemeji?"

"Ninao wawili," akajibu, mkono mmoja kichwani kwa mtoto, mwingine tumboni, "na wote hawana pa kulala."

Akayabeba mawe yote mawili, akayatia kikapuni. "Kitanda kikifika kwangu, haya yatarudi."

Fundi alibaki na patasi mkononi. Hatimaye, kwa woga wa mtu anayeingia maji ya baridi, akaigusisha kwenye ubao. Ikakata.