Mpira wa Miguu, kwa Miguu ya Netiboli

Wajukuu zangu hutazama mpira wa wanawake kwenye simu kama kitu kilichokuwepo tangu Adamu. Hawaulizi umetoka wapi. Mimi swali likiniingia halitoki. Shule niliishia darasa la nne, lakini kuuliza sijawahi kuacha.

Miaka ile ya ruksa, kila mtu alipoanza kufungua duka, uwanja wetu wa netiboli pale Lyamkena uligawanywa vibanda. Tulifika asubuhi tukakuta kamba na vigingi. Tulikuwa wanawake wa sokoni Makambako, wauza viazi, maharage na mitumba, na Jumamosi jioni ndiyo ilikuwa saa yetu pekee katika wiki nzima ambayo hakuna mtu aliyetutuma kitu. Tukadhani tutapewa mahali pengine. Hatukupewa.

Uliobaki ni uwanja wa vijana. Nikamfuata mwenyekiti wa timu yao, mfanyabiashara wa mbao, nikamkuta anakagua magogo.

"Kamwene, mwenyekiti. Tunaomba uwanja Jumamosi jioni."

"Mama, ule ni uwanja wa mpira wa miguu. Pete yenu mtaifunga wapi?"

"Basi tutacheza wa miguu."

Vibarua wake wakaangua kicheko. Yeye akajipangusa vumbi la mbao. "Duniani hakuna mpira wa miguu wa wanawake. Nionyeshe hata timu moja, Jumamosi nitawapa."

Nikaaga. Ila njiani nikajiuliza: huyu amejuaje kwamba hakuna? Dunia yote ameizunguka lini?

Njombe kulikuwa na muuguzi Mswidi kwenye hospitali ya kanisa. Nilizoea kumpelekea viazi, na Kiswahili alikijua vizuri. Safari hiyo nilipotua gunia nilimuuliza kabla hata ya kukaa.

"Upo, mama," akasema. "Majuzi tu wamecheza mashindano yao ya dunia kwetu Sweden. Na hayo ni ya pili. Ya kwanza yalichezwa China."

"Kombe la Dunia?"

"Ya China hawakuyaita hivyo. Wakubwa wa mpira waliogopa kuyapa jina hilo. Waliona yakishindikana, jina litachafuka. Wakayatungia jina jingine, refu."

Nikasema, mtoto anazaliwa, halafu mnasubiri kama ataishi ndipo mumpe jina la ukoo? Akacheka. Akaniambia na jingine: kule China walicheza dakika themanini.

"Na wanaume?"

"Tisini."

"Hizo kumi zilikwenda wapi?"

"Walidhani wanawake watachoka. Kwetu wamecheza tisini."

Hapo ndipo nikakaa, juu ya gunia. Nilitaka kumjua mtu aliyekaa mezani akaamua kwamba mwanamke anakwisha dakika ya themanini. Alimpima nani? Kama alimpima mkewe, alimpimia kazi gani? Mpaka leo sijapata wa kunijibu.

Yule muuguzi alikuwa na kanda ya video aliyotumiwa na kaka yake, akaniazima. Makambako mashine ya video ilikuwa kwa Mrangi mmoja kutoka Kondoa, muuza vipuri vya magari, ambaye mkewe tulicheza naye netiboli. Akatuwekea baada ya swala ya alasiri. Tulijaa dukani mpaka juu ya matairi. Mwenyekiti naye alikuja, akasimama mlangoni na mikono kifuani.

Zilikuwa timu mbili, Nigeria na Kanada. Sikutegemea kuona wanawake weusi. Mwenzangu wa maharage akashika mdomo. "Hao wamepitia wapi mpaka Ulaya?"

Muuguzi alikuwa ameshanieleza kwamba Wanigeria walikuwepo hata kule China. Kwenye kanda walifungwa mawili ya haraka, tukaanza kuwapa pole. Wakarudisha moja, wakafungwa tena, wakarudisha mengine. Ikaisha tatu kwa tatu, na sisi tumesimama juu ya matairi ya watu.

"Hao ni wanaume wamesuka nywele," akasema mwenyekiti.

Mke wa Mrangi akamgeukia. "Nenda kapose mmoja, utajua."

Duka zima likacheka, akaona ageuze maneno. "Sawa, nimewaona. Lakini hao ni wao. Ninyi chezeni dakika tisini mbele ya watu, asitoke mtu. Mkimaliza, Jumamosi ni yenu."

Tukawaalika wanawake wa kanisa kutoka Njombe. Walikuja na lori la viazi, wakiimba. Wao pia walikuwa wa netiboli. Filimbi ikapigwa, mpira ukanijia, nikautuliza kwa mguu. Nikasimama.

Anayejua netiboli ameshaelewa. Kwenye netiboli ukishika mpira hutembei nao, na kila mtu ana eneo lake, mlinzi haendi kufunga. Uwanja ule mkubwa haukuwa na mistari hiyo, lakini sisi tulikuwa nayo kichwani. Walinzi hatukuvuka, wafungaji hawakurudi. Ikafika mahali mpira umetulia katikati peke yake na wanawake wamesimama pande zote wakiutazama.

"Mnasubiri mchungaji auombee?" mtu akapiga kelele.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilikuwa nashangaa zaidi kuliko kuona aibu. Aliyenikataza hayupo, na miguu inamtii. Wakati wa mapumziko nikamuuliza mke wa Mrangi, "Kwa nini huvuki?"

"Na wewe, mama, kwa nini huvuki?"

Kipindi cha pili akajikaza kilemba, akavuka. Akageuka kumtazama refa kama aliyechuma mahindi ya jirani. Filimbi haikulia. Basi tukavuka wote kwa mpigo, na wa Njombe nao, tukawa kundi moja nyuma ya mpira kama kuku waliomwagiwa pumba. Golini hakubaki mtu. Tukafunga, wakafunga, hata hatukujua ni mangapi.

Ilipofika dakika ya themanini nilimuuliza refa ili niwe na hakika, nikajisikiliza. Nilitaka kuona ni kitu gani hasa kinachotokea hapo. Magoti yaliuma, ndiyo, lakini yalianza kuuma dakika ya ishirini. Kingine hakikutokea. Hakuna aliyetoka mpaka filimbi ya mwisho.

Mwenyekiti akaja akitikisa kichwa. "Mama, ule haukuwa mpira."

"Uliomba dakika, baba. Umepata."

Akawatazama waliokuwa karibu, wote wanasubiri atasema nini. "Jumamosi ni yenu," akasema.

Jumamosi iliyofuata tulikuta vijana wako uwanjani, mwenyekiti hayupo. "Tunamalizia kidogo, mama," wakasema, na wakaendelea kucheza. Nikaingia, nikasimama katikati. Mpira ukanipita mara mbili. Mmoja akamwambia mwenzake, "Huyu mama hatoki huyu." Wenzangu wakaanza kuingia mmoja mmoja, wengine bado na vikapu vya sokoni mkononi. Vijana wakaokota mashati yao.